Pomboo Hufa Maji Kama Mtu

Wasomaji wetu wa bara ambao hawajapata kuiona bahari huenda wamelisikia jina la pomboo tu, lakini watu wa Pwani wanamfahamu vema. Kule Shimoni na katika kisiwa cha Wasini, karibu na mpaka wa Tanzania, makundi ya pomboo huonekana mara nyingi yakiibuka na kuzama mbele ya vyombo. Kwa kuwa ana mapezi, na makao yake ni majini, watu wengi humhesabu pamoja na samaki. Kumbe sivyo. Pomboo ana damu yenye joto, huzaa na kunyonyesha, na lililo kubwa zaidi, huvuta hewa kwa mapafu. Akizuiwa asiibuke, hufa maji kama mtu.

Ukitaka kumtambua, mtazame mkia. Mkia wa samaki umesimama wima, naye huupiga kushoto na kulia. Mkia wa pomboo umelala bapa, naye huupiga juu na chini. Pua yake haiko mbele ya uso, bali ni tundu moja utosini, nalo hujifunga anapozama. Akiibuka hutoa pumzi kwa kishindo, akavuta nyingine, akazama tena, hata mtazamaji hakuwahi kuona lililotendeka.

Sasa msomaji atauliza: je, mnyama huyu hulalaje? Mtu akilala huendelea kupumua bila kujua. Pomboo hapumui hivyo. Kila pumzi huivuta kwa kukusudia, na kama angelala fofofo asingeamka tena. Wataalamu waliompima wamegundua kwamba ubongo wake hulala nusu nusu. Upande mmoja hupumzika na wa pili hukesha, kisha hubadilishana zamu kama walinzi wa usiku. Mara nyingi jicho moja hufumbwa na jingine hubaki wazi, naye huogelea polepole na kuibuka kwa wakati wake. Kwa hiyo pomboo hajui usingizi mzima kama ule tunaoujua sisi.

Mimba yake huchukua karibu miezi kumi na miwili, na mtoto ni mmoja. Mara nyingi mkia ndio hutangulia kutoka. Mara azaliwapo hana budi kufika juu ya maji apate pumzi ya kwanza, na ikiwa ni dhaifu mama yake huweza kumwinua. Mtoto hunyonya kwa mwaka mmoja na zaidi, na kwa kawaida mama hazai tena mpaka ipite miaka mitatu au zaidi. Mfugaji wa ng'ombe ataelewa upesi maana ya jambo hili: kundi ambalo kila jike hupata ndama mmoja kwa miaka mitatu haliwezi kupotezewa majike mengi likabaki salama.

Baharini mwanga haufiki mbali, kwa hiyo pomboo hutumia masikio kuliko macho. Hutoa milio mifupi ya haraka, nayo hukusanywa na nyama ya mafuta iliyo katika paji la uso na kupelekwa mbele. Milio ikigonga samaki au mwamba hurudi kama mwangwi unaorudi kwa mtu apigaye ukelele mbele ya jabali. Mwangwi huo huupokea kwa taya la chini, ambalo lina mafuta yanayoupeleka mpaka sikioni. Popo naye hutafuta njia kwa namna hiyo, ila sauti majini huenda mbio zaidi ya mara nne kuliko hewani.

Tena kila pomboo wa jamii inayojulikana sana ana mbinja yake mwenyewe, aliyojitungia utotoni, ambayo wenzake humtambua kwayo. Mwaka 2013 wataalamu wa Chuo Kikuu cha St Andrews, huko Scotland, walieleza kwamba walipompigia pomboo wa baharini mfano wa mbinja yake mwenyewe aliitikia, na walipopiga mbinja ya mgeni hakujali. Mwaka huo huo Mmarekani Jason Bruck alionyesha kwamba pomboo waliofugwa waliweza kuitambua mbinja ya mwenzao wa zamani hata baada ya miaka ishirini. Wako watu ambao hawamkumbuki hivyo hata jirani waliyesoma naye!

Huko Laguna, nchini Brazili, pomboo na wavuvi wamezoea kuvua pamoja tangu karne ya 19. Wavuvi husimama majini wakiwa na vimia mkononi. Maji ni ya matope, mtu haoni kitu. Pomboo huwasukuma mikizi kuelekea pwani, kisha mmoja hutoa ishara kwa kuzama ghafula. Hapo vimia hurushwa. Mikizi hutawanyika kwa hofu, wengine wakanaswa na wengine wakaingia kinywani mwa pomboo, hata kila upande ukapata riziki. Hakuna aliyewafundisha wanyama hao. Watoto huwafuata mama zao.

Katika bahari yetu mambo hayakuwa hivyo daima. Kule Kizimkazi, Unguja, pomboo waliwindwa mpaka mwaka 1996, na nyama yao ikawa chambo cha papa. Siku hizi watu wa huko hupata fedha kwa kuwapeleka wageni kuwatazama. Lakini jarife lingali likiua. Uzi wa nailoni ni mwembamba na mwangwi wake ni hafifu, na pomboo anayefukuza samaki huenda asiutambue mpaka umekwisha kumzunguka. Akinaswa chini ya maji ana dakika chache tu. Mvuvi naye hupata hasara, maana jarife hupasuka na siku nzima hupotea kwa kulishona.

Wavuvi wa Pakistani wamejaribu njia isiyo na gharama kubwa. Badala ya kuliacha jarife lielee juu kabisa, walilishusha liwe mita 2 chini ya uso wa maji. Pomboo walionaswa walipungua sana, na jodari waliendelea kupatikana.

Tena mvuvi akimkuta pomboo angali hai ndani ya jarife, kwanza ahakikishe kwamba tundu la utosini liko juu ya maji na halikufunikwa na nyavu. Kisha akate nyuzi taratibu, akijihadhari na mkia. Asimvute kwa mkia wala kwa mapezi, maana viungo vyake huteguka. Akishafunguliwa, aachwe avute pumzi zake kwanza, ataondoka mwenyewe.