Spinachi Iliyooshwa, Bakteria Waliobaki

Kwa macho ilikuwa safi: imeoshwa kiwandani, imefungwa kwenye mifuko, tayari kuliwa. Mwaka 2006 spinachi hiyo iliwaletea maradhi watu wapatao 200 katika majimbo 26 ya Marekani. Watatu walikufa.

Wachunguzi waliifuatilia mifuko hadi shamba moja la kaunti ya San Benito, California. Bakteria wale wale waliokutwa kwa wagonjwa, E. koli wa aina ya O157:H7, walipatikana huko kwenye kinyesi cha ng'ombe, kinyesi cha nguruwe mwitu na maji ya mto. Malisho ya ng'ombe yalikuwa takriban kilomita moja na nusu kutoka kwenye spinachi. Ripoti ya wachunguzi hao iliwashuku nguruwe waliokuwa wakizurura hapo, pamoja na visima vya umwagiliaji vilivyo jirani na mikondo ya maji iliyoingiwa na kinyesi.

Ng'ombe hubeba bakteria hawa tumboni bila kuugua. Ndiyo maana bustani ya nyumbani inahitaji samadi iliyooza vizuri, si ya jana kutoka zizini. Kanuni za kilimo hai nchini Marekani zinataka samadi mbichi itiwe shambani angalau siku 120 kabla ya kuvuna mboga inayogusa udongo.

Jikoni, mchicha uliochemka vizuri hauna shaka, kwani nyuzi 70 za Selsiasi huwaua bakteria. Wasiwasi uko kwenye kachumbari, saladi na kotmiri inayonyunyizwa baada ya chungu kuepuliwa. Bakteria hung'ang'ania mikunjo ya jani na pale lilipokatwa. Maji huwapunguza tu. Majani yatenganishwe, yasuuzwe moja moja kwa maji safi yanayotiririka. Tango lioshwe kabla ya kumenywa, maana kisu husukuma uchafu wa ganda hadi ndani. Kibao kilichokatiwa nyama kioshwe kwa sabuni kabla ya kukatia nyanya.

Dalili huanza kwa kawaida siku 3 hadi 4 baada ya kula: tumbo kusokota, kisha kuharisha damu. Watoto wa chini ya miaka 5 wako hatarini zaidi, kwa kuwa sumu ya bakteria hawa inaweza kuharibu figo. Mtoto anayeharisha damu apelekwe kituo cha afya, asipewe dawa ya kuzuia kuharisha wala antibiotiki ya kujinunulia. Akikojoa kidogo au kupauka, hata kama kuharisha kumepungua, arudishwe siku hiyo hiyo.