Somo la Twahara: Paka wa Nyumbani na Mahali pa Haja Yake



Wanafunzi wapenzi, na wazazi mnaosomewa gazeti hili nyumbani. Tukifika mlango wa najisi, swali hili halikosi: paka akikojolea mkeka wa kuswalia, tukauanika juani ukakauka, je, umetwahirika? Jawabu katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi'i ni hapana. Jua hukausha, halitwahirishi. Harufu hutoka, watu wakadhani yamekwisha, kumbe najisi ipo pale pale na swala inaswaliwa juu yake.

Wengine huchanganya kwa sababu wamesikia kwamba paka si najisi. Ni kweli. Imamu Malik, Abu Daud, Tirmidhi na wengineo wamepokea kisa cha Kabsha binti Kaab, aliyemmiminia baba mkwe wake Abu Qatada maji ya udhu. Akaja paka mwenye kiu, na Abu Qatada akamwinamishia chombo mpaka akanywa. Alipomwona mkwewe anashangaa, alimweleza kwamba Mtume (S.A.W.) amesema paka si najisi, kwani ni miongoni mwa wanaotuzungukia majumbani. Basi mwili wake na mate yake ni twahara. Lakini mkojo wake na kinyesi chake ni najisi ya kati, mutawassita, sawa na cha mtu mzima.

Kuisafisha: kwanza ondoa kinyesi chenyewe au kausha mkojo kwa kitambaa, kisha mimina maji juu yake mpaka rangi, harufu na ladha viondoke. Usitumbukize mkeka ndani ya beseni. Maji machache, yasiyofika kula mbili (kama lita 200 hivi), yakiingiwa na najisi huwa najisi yote. Ni maji yaende kwenye najisi, si najisi iende kwenye maji. Sakafu ya udongo nayo humiminiwa maji, kama Mtume (S.A.W.) alivyoamrisha bedui alipokojoa msikitini. Na kumbukeni, aliwakataza Masahaba wasimkatize yule bedui.

Sasa, kuliko kuosha mkeka kila Ijumaa, afadhali tumfundishe paka. Kazi hii kwa kweli si ngumu, maana Mwenyezi Mungu amemuumba na tabia ya kufukia uchafu wake. Hatafuti mkeka; anatafuta mahali pakavu panapochimbika. Akikosa hapo ndipo huingia kwenye jivu la jikoni au rundo la nguo.

Chukua dumu la mafuta la lita 20, likate ubavuni, utie mchanga mkavu uliochekechwa, kina cha vidole vinne. Mchanga uchukuliwe hapo nyuma ya nyumba. Usiuchimbe katika kisiwa cha Shungimbili, ambacho ni hifadhi ya bahari tangu mwaka 2007, wala katika fukwe za Juani ambako kasa hutaga. Jivu halifai sana, hunata miguuni akalitembeza nyumba nzima. Weka chombo penye utulivu, mbali na chakula chake na mbali na mahali pa kuswalia.

Mtoto wa paka wa wiki nne huweza kuanza. Mpeleke kwenye mchanga kila akiamka, akimaliza kula na akimaliza kucheza. Mwache anuse, achimbe mwenyewe. Akikosea, osha vizuri, kwa sababu harufu ikibaki atarudi hapo hapo. Kumpiga au kumsugua pua kwenye mkojo hakumfundishi kitu ila kukuogopa wewe, naye atakwenda kujificha chini ya kitanda. Hadithi ya mwanamke aliyeingia motoni kwa kumfungia paka bila chakula mpaka akafa mnaijua. Dume mkubwa anayerusha mkojo ukutani ana jambo jingine, anaweka alama ya mpaka wake, na mchanga peke yake hautamwachisha. Dume anayejikamua bila kutoa mkojo ni mgonjwa. Apelekwe kwa bwana mifugo siku hiyo hiyo.

Huko Marekani mwanamuziki Charles Mingus aliandika kijitabu kizima cha kumfundisha paka kutumia choo cha kukaa cha watu. Sisi tusijaribu kwenye choo cha shimo, paka mdogo atatumbukia.

Kinyesi kitolewe kila siku, kwa kifuu cha nazi kilichotengwa kwa kazi hiyo, kifukiwe mbali na kisima na bustani ya mboga. Hapa si twahara tu, ni afya. Kinyesi cha paka huweza kuwa na vimelea vya toksoplazima, ambavyo huhitaji siku moja mpaka tano nje ya tumbo la paka kabla ya kuweza kumwambukiza mtu. Ukikitoa mapema umevitangulia. Mama mjamzito asiiguse kazi hii kabisa, kwani vimelea hivyo humdhuru mtoto aliye tumboni. Kijana wa nyumba aifanye, kisha aoshe mikono kwa sabuni.

Maswali ya zoezi:
1. Paka amekunywa maji ya ndoo ya udhu. Je, yanafaa kutawadhia? Toa dalili.
2. Mkeka umekojolewa, umeanikwa, hauna rangi wala harufu. Eleza unavyotwahirishwa.
3. Kwa nini haifai kuutumbukiza katika beseni?