Shusha huo mtandio, mdogo wangu

Najua ulivyokaa hapo. Umejibana upande wa ukutani ili lile shavu lisiloitika lisionekane. Kwenye picha za harusi unajitolea kumbeba mtoto wa watu, umkinge mbele ya mdomo. Chai unainywa huku kiganja kiko kidevuni, maana inachuruzika pembeni. Ukicheka, mtandio juu. Miaka imepita, wa nyumbani wamezoea, lakini wageni wanasema una maringo, hutabasamu na mtu. Hilo la maringo ndilo linalouma kuliko kupooza kwenyewe. Ninalisoma kwenye barua zenu, tena na tena.

Kwanza acha kujilaumu kwamba ulianzia kwa mganga. Mdomo ukienda upande asubuhi moja, nani asiyeambiwa ni upepo mbaya, au jini kampiga kibao, au kuna mtu wa ukoo ana mkono wake? Wengine mmechanjwa chale shavuni, wengine mmekandwa maji ya moto hadi ngozi ikababuka. Yameshapita. Ninachokukataza ni kuendelea nayo. Uso unaendeshwa na mshipa wa fahamu, mmoja kila upande, nao hupita ndani ya mfupa karibu na sikio. Unaweza kuvimba tu wenyewe, ndiko kunakoitwa kupooza kwa Bell, na wengi wa hao hupona, hasa wakipewa vidonge vya steroidi ndani ya saa 72. Unaweza pia kuharibiwa na usaha wa sikio uliopuuzwa, ajali ya pikipiki, uvimbe wa tezi la mate au wa kichwani. Na wapo wanaozaliwa hivyo. Aliyepooza leo akimbie hospitali leo leo, maana huenda hata ni kiharusi. Mimi nazungumza na wewe ambaye hukupona.

Hapa ndipo mnapochanganyikiwa wengi, wala si kosa lenu. Msuli wa uso usiopata amri kutoka kwenye mshipa wake hunyauka. Mwaka wa kwanza, hata mwaka na nusu, daktari anaweza kuuletea mshipa mwingine ukaamka. Ikifika miaka miwili hivi, msuli umekwisha, na kuunganisha mshipa peke yake ni kuvuta waya mpya hadi kwenye balbu iliyoungua. Ndiyo maana baadhi yenu mmeambiwa "umechelewa", mkarudi nyumbani mkajifungia chumbani. Neno hilo ni nusu ya habari, mdogo wangu. Umechelewa kuufufua msuli wa zamani. Msuli mwingine unaweza kuletwa, hata kama umepooza miaka ishirini.

Mwaka 1976 daktari wa Japani, Kiyonori Harii, pamoja na wenzake walitangaza kwamba wameuchukua msuli wa ndani ya paja, uitwao grasilisi, wakaupandikiza usoni. Usishtuke. Paja lina misuli mingine ya kufanya kazi hiyo, utatembea kama kawaida. Hukatwa kipande tu, kikiwa na mishipa yake ya damu na wa fahamu, kikashonewa kutoka kona ya mdomo kuelekea mbele ya sikio. Mishipa ya damu huungwa chini ya hadubini kwa uzi mwembamba kuliko unywele. Ni kazi ya saa nyingi, si ya kwenda na kurudi.

Sasa msuli huo utapokea amri kwa nani? Njia moja ni kuuunganisha na mshipa wa kutafunia. Operesheni inakuwa moja, ila mwanzoni lazima ung'ate meno ndipo utabasamu, na unajizoeza mbele ya kioo hadi mwili uzoee. Toronto, Kanada, daktari Ronald Zuker aliwafanyia hivyo watoto waliozaliwa na pande zote mbili zimepooza, ambao hawakuwa na upande mzima wa kuazima. Njia ya pili ni ya wenye subira. Unachukuliwa mshipa wa fahamu kutoka nyuma ya mguu, chini ya goti, unapitishwa juu ya mdomo kutoka shavu zima hadi lililolala. Halafu mnasubiri miezi 9 hadi 12, kwa sababu mshipa hukua kama milimita moja kwa siku. Daktari atakugonga kidole shavuni, na ukihisi mchonyoto ujue umefika. Hapo ndipo msuli huletwa. Utamu wake ni kwamba kicheko huja chenyewe, pande zote pamoja, bila kung'ata. Gharama yake ni operesheni mbili, na ukingo wa nje wa mguu kubaki na ganzi. Kwa mtu mzima sana asiyeweza kulazwa mezani saa zote hizo, upo msuli wa panja unaoshushwa hadi mdomoni.

Lakini usije ukaenda huku unaota uso wa miaka kumi na minane. Operesheni hii inainua kona ya mdomo, basi. Kipaji hakitakunjamana tena kwa sababu yake, na shavu linaweza kubaki limetuna kidogo. Wengine msuli haushiki vizuri, wakalazimika kurudi. Na ukizinduka utakuta uso umevimba, haujongei hata chembe. Ni miezi kabla ya kuona hata mtikisiko. Nakuomba, wiki ya pili usianze kutangaza ukoo mzima kwamba daktari amekula hela yenu.

Jicho je? Hapa nitagomba. Unahangaika na tabasamu huku jicho halifumbi, linakauka, linapata kidonda, mwisho unapoteza kuona. Tia matone ya machozi bandia mchana, marhamu usiku, ulifunge kwa plasta ya ngozi ukilala. Usitie maziwa ya mama wala asali. Mwulize daktari kuhusu kipande kidogo cha dhahabu au platinamu kinachoshonewa ndani ya kope la juu ili lishuke lenyewe. Ni operesheni ndogo, na mara nyingi inafaa itangulie.

Omba rufaa kwa daktari wa upasuaji wa kurekebisha maumbile, na usione haya kumwuliza amewafanyia wangapi na nani atakufanyisha mazoezi baadaye. Mficha uchi hazai: taja na chale za mganga. Beba picha yako ya zamani na mwaka ulipopooza. Kama chanzo hakijulikani, kichwa kipigwe picha kwanza, isije ikawa kuna uvimbe umejificha.

Na wewe uliyeandika kwamba mchumba hataki ukatwe kwa kuwa anakupenda hivyo hivyo, mshukuru, ni neno zuri. Lakini chai inayochuruzika inakulowesha wewe. Nenda naye kliniki akasikie mwenyewe, kisha umwambie nani atakupikia uji zile wiki za mwanzo.