Sumu ipi Itatangulia?

Mwaka 2004 mahindi yenye aflatoksini, sumu itokanayo na kuvu, yaliua watu 125 nchini Kenya. Katika kromatografia ya kimiminika, sumu iliyoyeyushwa kutoka katika unga huchukuliwa na maji na methanoli kupitia mrija wa chembe za silika zilizovikwa minyororo ya kaboni 18. Kampaundi ipendayo maji hutangulia. Isiyoyapenda hunaswa na minyororo, ikachelewa. Aflatoksini G1 inaizidi B1 kwa atomi moja ya oksijeni, hivyo mwanafunzi atabashiri kuwa itatangulia; na ndivyo ilivyo. Lakini B2, yenye hidrojeni mbili zaidi ya B1, ingetazamiwa kuchelewa, nayo hutangulia! Mpimaji, basi, hupitisha kwanza sumu safi ya kila aina na kuandika dakika zake.