Mnyama wa binti yangu anajinyonyoa manyoya

Shangazi, tunaishi Texas, Marekani. Mwaka jana mume wangu alimnunulia binti yetu wa miaka 14 shuga glaida, yule mnyama mdogo wa macho makubwa. Muuzaji alisema hana kazi: matunda kidogo tu, na mchana hulala mfukoni. Sasa usiku anabweka hatulali, na juzi nimemkuta anajinyonyoa manyoya ya mkia hadi ngozi imechubuka. Mume wangu anataka akamwachie msituni. Binti analia. Tufanyeje?
Mama Rehema

Mama Rehema, msimwachie msituni. Kwao ni Australia na Guinea Mpya. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa 2019 ulionyesha kuwa wanaofugwa Marekani asili yao ni Papua Magharibi, Indonesia. Huko kwenu atakufa kwa njaa, baridi au makucha ya bundi.

Naamini mnyama huyo ana upweke. Porini huishi kwa kundi katika tundu la mti, na mchana hulala wamekumbatiana. Dume huwapaka wenzake harufu ya tezi iliyo utosini, nao hujuana kwa harufu hiyo. Giza likiingia hutoka kama komba wetu, ila yeye hutandaza ngozi iliyounganisha mikono na miguu, akaambaa hewani hata mita 50 kutoka mti hadi mti. Hutafuta utomvu wa migunga na mikalitusi, mbochi, chavua na wadudu. Kwa hiyo anapobweka usiku, ndiyo kwanza siku yake imeanza, na hapana wa kumwitikia.

Mpelekeni kwanza kwa daktari wa mifugo anayetibu wanyama wa kigeni. Kujinyonyoa huweza kutokana na upweke, lakini pia na maumivu au maradhi. Mweleze anachokula. Matunda matupu humnyima kalsiamu, mifupa ikalegea, hata miguu ya nyuma ikapooza.

Akishatibiwa, amueni kwa pamoja. Akitunzwa vizuri huishi miaka 10 au zaidi, na binti yenu atakuwa mtu mzima. Mko tayari kumpatia mwenzake, tundu refu la kuruka, na chakula sahihi kila usiku? Kama ndiyo, daktari awaelekeze namna ya kuwazoesha taratibu, na dume ahasiwe wasizaliane. Kama hapana, mtafutieni mfugaji mzoefu mwenye kundi.

Binti asibebeshwe lawama; mnyama alinunuliwa na watu wazima. Kaa naye, umweleze kwamba hata akimkumbatia kutwa nzima, hawezi kuwa kundi lake. Akishiriki kumchagulia makao mapya, atakuwa amempenda kwa vitendo.

Ila hayo ya kesho. Leo mpigie daktari simu, maana kidonda cha mkia hakisubiri kikao cha familia.