Mwili Unapogoma: Kwa Mkufunzi wa Washauri Nasaha

Wanagenzi wengi huja kwenye mafunzo wakitaka kujua waseme nini. Lakini mteja akianza kulia, mabega ya mshauri mpya hukakamaa, pumzi humkwama, na papo hapo anatoa ushauri ambao hakuombwa. Anza na mabega hayo.

Hatua ya 1. Wapange watatu watatu: mshauri, mteja, mtazamaji. Mteja alete jambo dogo la kweli, mathalani ugomvi na jirani. Misiba isubiri.

Hatua ya 2. Wasimamishe katikati ya mazungumzo, kabla hayajapoa. Muulize mshauri, "Sasa hivi kifuani kukoje? Na tumboni?" Ukimuuliza anajisikiaje utajibiwa "niko salama," basi. Eugene Gendlin, aliyefanya kazi na Carl Rogers huko Chicago, alieleza katika kitabu chake Focusing cha 1978 kwamba walionufaika na tiba walikuwa wakinyamaza kidogo, wakitafuta maneno ya kile ambacho mwili umekihisi na akili haijakipata. Kunyamaza huko kunafundishika.

Hatua ya 3. Wengine watagoma. Mmoja atacheka, mwingine atadai nadharia kwanza, wa tatu atasema haya ni mambo ya Wazungu. Wakufunzi wenye haraka huuita utovu wa nidhamu. Mimi naona ni kinga. Muuguzi aliyefiwa na mgonjwa asubuhi na jioni akawa bado yuko zamu amedumu kazini kwa kutousikiliza mwili wake, na tangu utotoni ameambiwa "jikaze." Usimvunje. Mwambie, "Una haki ya kukataa, dada. Huko kukataa unakusikia wapi?" Mara nyingi atataja koo au taya, na hapo zoezi limeshaanza. Akiendelea kukataa, awe mtazamaji, aangalie pumzi za wenzake. Ya mwenzako huonekana upesi.

Hatua ya 4. Macho yabaki wazi, nyayo sakafuni. Kufumba macho kunaweza kumrudisha aliyewahi kudhulumiwa palepale alipoumizwa. Akianza kutetemeka, sitisha zoezi, kaa naye faragha, kisha mtafutie mshauri mwingine. Wewe unayemsahihishia mtihani hufai.

Hatua ya 5. Wakumbushe kuwa tumbo la mshauri halimsomi mteja. Huenda limekaza kwa sababu ya mambo yake mwenyewe. Baada ya kila zoezi aandike mstari mmoja wa alichosema mteja na mwingine wa alichohisi yeye, na wapi, kisha ampelekee msimamizi wake.