Ipende Kompyuta ya Zamani, Siri Zako Zihamishe

Tangu Microsoft ikomeshe masasisho ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, swali ni lile lile, liulizwe na mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Machakos au na mama mwenye duka kule Mlolongo: “Dada, mashine yangu inawaka, inaandika, inachapisha. Nitaitupaje?”

Hakuna aliyesema uitupe. Lakini naona wengi wenu hamzungumzii pesa tu. Mnaipenda hiyo mashine, na mtu akiwaambia imezeeka mnaumia kama aliyesemewa mzazi. Basi tuanzie hapo, maana nami nimo kundi hilo.

Sisi tuliomaliza kidato cha nne mwanzoni mwa miaka ya 2000 tulikuwa na desturi yetu. Ukingojea matokeo ya KCSE, wazazi wanakutafutia karo usomee pakeji za kompyuta. Vyuo vyenyewe vilikuwa vyumba vya ghorofani, juu ya maduka ya mjini. Mlangoni unavua viatu. Ndani pazia zimefungwa vumbi lisiingie, na kila mashine imevishwa kifuniko cha kitambaa ambacho unakikunja vizuri kabla ya kuketi. Skrini ilikuwa na kisogo kirefu, na ukiisogezea mkono vinyweleo vinasimama. Unaingiza diski ya megabaiti 1.44, unaisikia ikikwaruza, unangoja. Picha moja ya simu ya leo haingetosha humo.

Kwenye kasha la programu iliyotufunza kuchapa bila kutazama vidole kulikuwa na mwanamke mweusi, nadhifu, anatabasamu: Mavis Beacon. Wengi tuliamini ni mwalimu halisi. Jina lilibuniwa na kampuni, na sura ilikuwa ya mwanamitindo mzaliwa wa Haiti, Renée L'Espérance. Hata hivyo, kwa msichana wa Ukambani kumwona mtu wa rangi yake kwenye kasha la kompyuta lilikuwa jambo kubwa, na sijaacha kushukuru. Kisha ikaja Windows XP mwaka 2001 na kile kilima cha kijani. Si mchoro, jamani. Ni picha halisi iliyopigwa na Charles O'Rear huko California mwaka 1996. Sisi wa vilima vya Iveti tuliona kilima kama hicho kila Novemba, mvua ya vuli ikishanyesha.

Sasa kumbukeni tulifunzwa kulinda nini. Vumbi. Chai. Soksi chafu. Kuzima mashine kwa utaratibu, usije ukachomoa waya. Mafunzo yote yalikuwa ya kuilinda mashine dhidi yetu sisi, na yalikuwa na maana kwa wakati wake, kwa sababu ndani ya mashine hamkuwa na siri ya mtu. Kulikuwa na barua ya mazoezi na hesabu ya duka la kubuni. Mashine nyingi za vyuo vile hazikuwa hata na intaneti. Kabla ya nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS kuanza kazi Mombasa mwaka 2009, mtandao ulipitia setilaiti na bei yake haikushikika. XP ya nyumbani nayo ilikuacha ukaingia bila nywila, tena ukiwa na mamlaka yote ya kusakinisha na kufuta, na ndiyo maana hatukuona ubaya.

Adui wa enzi hizo aliingia mfukoni mwa mtu. Kwanza alipanda diski, baadaye flashi. Unachomeka flashi, unaibofya, Windows inaendesha yaliyomo yenyewe bila kukuuliza, na kesho yake folda zako zote zimegeuka vialama vidogo vyenye mshale, ukibofya hakuna kitu. Microsoft ilikuja kuizima tabia hiyo ya flashi kwenye XP kwa sasisho la Februari 2011. Miaka mingi ya mateso, wadogo zangu, kwa sababu ya hisani moja ndogo ya mashine. Lakini tulijifunza: flashi ya mgeni haichomekwi kabla ya kuskaniwa. Hilo mlishike hadi leo.

Lililobadilika ni kwamba maisha yenu sasa yamo ndani ya mashine. Kitambulisho, PIN ya KRA, eCitizen, HELB, matokeo ya hospitali, picha za watoto. Mwizi hana haja na mashine yako; laptopu kuukuu ya ex-UK atauza bei gani? Anamtaka aliyemo ndani. Na ndiyo maana naogopa zaidi mnayoyafanya saiba kuliko hiyo Windows 10 yenu.

Ingia saiba yoyote karibu na steji msimu wa maombi ya HELB, au siku za mwisho za Juni watu wakikimbilia kutuma ritani kabla ya tarehe 30. Keti, fungua folda ya Downloads. Utakuta vitambulisho vya watu usiowajua, vyeti vya KCSE, barua za chifu, hati za malipo. Wenyewe walilipa shilingi zao, wakachukua karatasi, wakaenda. Kando ya mhudumu kuna daftari la kurasa za mistari: jina, barua pepe, nywila, jina, barua pepe, nywila. Aliwafungulia akaunti kwa nia njema, akaandika kwa sababu watu husahau na hurudi. Simlaumu kijana yule. Anafanya kazi ngumu na ujira haba. Lakini daftari hilo likichukuliwa na mtu mmoja mwenye tamaa, ameshika kijiji kizima.

Kwa hiyo ukitoka saiba, fanya haya hata kama foleni inakusukuma. Faili zako zifute kwenye Downloads, kisha uzifute tena kwenye pipa la taka la mashine. Toka kwenye akaunti kwa kubofya, usifunge dirisha tu. Kama ulifungua WhatsApp pale ili uchapishe kitu, shika simu yako, nenda kwenye orodha ya vifaa vilivyounganishwa, ukikuta kompyuta usiyoijua iondoe papo hapo. Nimeona watu ambao jumbe zao zilikuwa wazi kwenye mashine ya saiba wiki nzima na hawana habari. Na akaunti aliyokufungulia mtu mwingine, ukifika nyumbani badilisha nywila na uhakikishe nambari ya simu ya kuirejeshea ni yako, si yake. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inakupa haki ya kudai data yako iliyowekwa bila msingi ifutwe. Omba kwa adabu, lakini omba.

Turudi kwa Windows 10. Mashine haikufa tarehe ile. Kilichokatika ni ukarabati. Kila tundu jipya litakalogunduliwa litabaki wazi, na wavamizi husoma marekebisho ya Windows 11 ili wajue pa kutafuta kwenye ile ya zamani. Kama mashine yako ina prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 au cha baadaye, chipu ya usalama ya TPM 2.0 na memori ya gigabaiti 4 kwenda juu, yaelekea itapokea Windows 11 bila malipo. Nenda kwenye Windows Update, itakuambia yenyewe. Kama haifai, Microsoft ilifungua mpango wa nyongeza wa masasisho ya usalama kwa watu binafsi hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Unajiandikisha hapo hapo kwenye Windows Update, na ukikubali kuhifadhi mipangilio yako kwa akaunti ya Microsoft hulipi chochote. Hiyo ni nafasi ya kupumua. Itumie kuweka akiba, usiitumie kulala.

Fundi akikuambia atakuwekea Windows 11 kwenye mashine isiyofaa, muulize masasisho yatakujaje baadaye. Na akitoa flashi yenye kile kiprogramu cha kukraki ili Windows isikudai leseni, mzuie. Hapa sina lugha ya upole. Ili kifanye kazi, unaombwa uzime kwanza kinga ya virusi. Yaani unamfungulia mtu mlango na kumfungia mbwa. Vingi vya viprogramu hivyo vimekutwa vikibeba programu za kuiba nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari, na wewe kwenye kivinjari umehifadhi kila kitu.

Bora uwe na Linux halali kuliko Windows ya wizi. Linux Mint ni bure, inataka memori ya gigabaiti 2 tu ijapokuwa 4 ndiyo raha, na sura yake haiko mbali na Windows mliyoizoea. LibreOffice itafungua barua zako za Word. Ubuntu nayo, iliyoanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, ilikuwa ikituma diski bure kwa posta hadi huku kwetu, na mwaka ule ule Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kupitia mradi wa Kilinux kikatoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Kwa hiyo msiione kama kitu cha wataalamu wa mbali. Anza kwa kuiendesha kutoka kwenye flashi bila kuisakinisha. Ikikubali Wi-Fi yako na printa yako, umepata mashine. Wanaotumia programu maalum za hesabu au za kuchora majengo wahakikishe kwanza, maana nyingine hazifanyi kazi huko.

Halafu kuna masasisho yenyewe. Najua kwa nini mnayazima: bando. Umewasha hotspoti ya simu utume barua moja, dakika kumi baadaye Windows imelamba gigabaiti zako zote. Hasira yenu naielewa kabisa. Lakini kumbukeni Mei 2017, WannaCry ilipofunga kompyuta katika nchi zipatazo 150 na kutibua kazi ya hospitali za Uingereza. Dawa yake ilikuwa imetolewa Machi, miezi miwili kabla. Walioumia wengi walikuwa na Windows 7, ambayo wakati huo ilikuwa bado inapata masasisho. Hawakuyaweka. Basi fanya hivi: hotspoti ya simu iweke kwenye mipangilio kama muunganisho wa kupimwa (metered), Windows itajizuia kupakua mengi. Kisha chagua siku moja ya mwezi ya kusasisha kwenye Wi-Fi ya chuo, ya kazini au ya ndugu. Microsoft hutoa masasisho Jumanne ya pili ya kila mwezi, na kwa saa za Kenya hufika saa mbili au saa tatu usiku. Ukipanga Jumatano au Alhamisi inayofuata hujachelewa.

Kuhusu nywila, mtanisamehe nikivunja mlichofunzwa. Ile kanuni ya kubadilisha kila baada ya miezi mitatu, yenye herufi kubwa, nambari na alama ya mshangao, ilitokana kwa sehemu kubwa na mwongozo ulioandikwa mwaka 2003 na Bill Burr wa taasisi ya viwango ya Marekani. Mwaka 2017 taasisi iyo hiyo ilitoa mwongozo mpya ulioiacha, na Burr mwenyewe akasema anajutia mengi aliyoyaandika. Sababu ni kwamba mtu akilazimishwa kubadilisha hubadilisha nambari ya mwisho tu. Urefu ndio unaomchosha mwizi. Chukua maneno manne au matano yasiyohusiana, changanya Kikamba na Kiswahili ukitaka, usichukue methali wala mstari wa wimbo au wa Biblia. Barua pepe iwe na nywila yake peke yake, isiyotumika popote pengine, kwa sababu anayeishika barua pepe hurejesha akaunti nyingine zote. Ukiandika kwenye daftari nyumbani, ukalifungia pamoja na hati ya shamba, sitakugombeza. Daftari la nyumbani si lile la saiba.

Ile ya zamani kabisa je, ile ya XP au Windows 7 iliyofunikwa kitambaa sebuleni? Ichomolee mtandao, waya na Wi-Fi, uibakishe. Watoto wajifunze kuchapa, wacheze karata, baba aandike kumbukumbu za ukoo. Usiingize humo eCitizen wala barua pepe, na usichukue faili humo kwa flashi bila kuiskani. Picha za zamani zilizomo zinakili mapema, sehemu mbili tofauti, kabla diski haijaanza kugonga. Ikishaanza kugonga kila saa ni hasara.

Na ukiamua kuiaga, usimpe mnunuzi wa vyuma ikiwa na diski yake. Kufomati kwa haraka hufuta orodha tu, faili zenyewe hubaki na huokotwa. Mwambie fundi aitoe diski mbele yako, uondoke nayo mkononi, au aifute kwa kuandika juu yake mwanzo hadi mwisho ukiwa umeketi pale. Mwili wa mashine usitupwe jaani wala kuchomwa, maana skrini zile nzito zina risasi ndani ya kioo. Nairobi kuna WEEE Centre inayopokea taka za kielektroniki, na shule au kanisa likikusanya za watu wengi, gari moja linatosha. Wa Kathiani, Mwala na Masinga mnaotaka kujaribu Linux kwenye laptopu ya ex-UK, niandikieni modeli iliyoandikwa chini ya mashine na ukubwa wa memori. Msiniandikie nywila, hata mkiniamini.